Mzee asianguke: mazoezi ya miguu na balansi ya kufanya hapo hapo nyumbani

Nianze na hii sababu ndiyo inaniuma. Baba alipofariki tulimtoa mama kijijini tukamleta kwa kaka yangu hapa Busia mjini, Uganda, na kwa mapenzi yetu yote tukamwambia mama wewe umetulea, umechoka, sasa kaa tu. Maji analetewa, chakula analetewa, akitaka kusimama kuna mjukuu anamvuta mikono yote miwili, hata maharagwe ya kuchambua tulimnyang'anya. Huyu ni mtu ambaye kijijini alikua anapanda kilima kwenda shamba, anainama kupalilia, anapiga magoti kupuliza moto. Baada ya miezi nane ya kukaa barazani kwenye kiti cha plastiki akaanguka akitoka bafuni. Hakuteleza, sakafu ilikua kavu, miguu tu ilikataa. Akavunjika mkono karibu na kiganja, na tulimshukuru Mungu haikua nyonga. Na mimi ni fizio, kazi yangu kila siku ni kuwafundisha wagonjwa kusimama na kutembea, lakini kwetu nyumbani sikuona.

Kwa hiyo naandika kwa nyinyi mnaokaa na wazazi na majaja (mabibi na mababu), na kwa wazee wenyewe wenye simu. Naomba ushike kitu kimoja: wazee wengi wanaangushwa na miguu iliyokosa kazi, na miguu hiyo inaweza kurudishiwa nguvu hata mtu akiwa na miaka 80 na zaidi. Sisemi hivi kukutia moyo tu. Kule New Zealand, chuo kikuu cha Otago, miaka ya 1990 walitengeneza programu ya mazoezi ya nyumbani, fizio anakuja anafundisha, anaondoka, mzee anafanya mwenyewe mara tatu kwa wiki na siku nyingine anatembea, na kuanguka kukapungua kwa kama asilimia 35. Mwaka 2019 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya, walikusanya tafiti nyingi wakaona mazoezi kwa ujumla yanapunguza kuanguka kwa kama asilimia 23, na yenye kazi kubwa ni yale ya balansi na ya kuiga kazi za kila siku. Vifaa havihitajiki, ni kiti, meza, na kamfuko ka mchanga.

HATUA YA 1: Muulize, na umuulize vizuri

Wazee wanaficha kuanguka, kabisa. Anajua akisema ameanguka mtamfungia ndani, mtamkataza kwenda kanisani au msikitini, mtamkataza kuku wake. Ukiuliza "mama ulianguka?" atajibu "aah hapana, nilikaa tu chini." Kwa hiyo uliza taratibu mkiwa wawili, maswali matatu: Mwaka huu kuna siku ulijikuta chini, hata kama hukuumia? Ukisimama au ukitembea unajisikia hauko imara? Unaogopa kuanguka? Akijibu ndiyo hata kwa moja, huyo mzee anahitaji haya mazoezi. Hofu yenyewe usiidharau, sababu anayeogopa anapunguza kutembea, akipunguza kutembea miguu inaisha, miguu ikiisha anaanguka kweli.

Pia tumia macho. Anatembea akigusa ukuta na makabati? Anajitupa kwenye kiti akikaa badala ya kushuka pole pole? Ukimsemesha njiani anasimama kwanza ndio akujibu? Hiyo ya mwisho watu hawaijui, lakini ni dalili kwamba kutembea peke yake kunamaliza akili yake yote, hakuna iliyobaki ya kuongea.

Na kuna wa kumpeleka kwa daktari kwanza kabla ya zoezi lolote: aliyezimia, anayeumwa kifua, ambaye upande mmoja wa mwili umelegea ghafla, aliyeanguka mara mbili au zaidi ndani ya mwaka, aliyefanyiwa opareshen karibuni, na wa sukari ambaye hasikii nyayo zake.

HATUA YA 2: Mpime leo, muandike namba

Bila namba mtabishana tu, wewe unasema amepata nguvu, dada yako anasema bado.

Chukua kiti kigumu kisicho na magurudumu, urefu wa kama sentimita 43 hadi 45, kiegemeze ukutani kisirudi nyuma. Cha mbao ni bora, vile vya plastiki vinatanua miguu kwenye sakafu laini na vingine vina nyufa. Mzee akae katikati, mikono aikunje kifuani, ukisema "haya" anasimama wima na kukaa, anasimama na kukaa, kwa sekunde 30, unahesabu mara alizosimama. Akitumia mikono kujisukuma, hesabu ni 0. Kwa viwango vya Marekani ambavyo mimi natumia, mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akipata chini ya 10 yuko kwenye hatari, mwanaume wa umri huo chini ya 12. Wa miaka 80 hadi 84, mwanamke chini ya 9, mwanaume chini ya 10. Mama yangu wakati ule ana miaka 73 alipata 0, hakuweza kunyanyuka hata mara moja bila mikono, na tulikua tunaishi naye nyumba moja.

Kipimo cha pili: weka alama mita 3 mbele ya kiti. Asimame, atembee mwendo wake wa kawaida hadi alama, ageuke, arudi akae. Kama ana bakora atembee nayo, na viatu vyake. Ikichukua sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari. Angalia sana anavyogeuka, maana wengi wanaangukia hapo kwenye kugeuka.

Cha tatu ni kusimama kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu mwingine, kama mtu anayevuka mto juu ya gogo. Wewe simama karibu kabisa. Akishindwa kufika sekunde 10, balansi inahitaji kazi. Andika zote tatu na tarehe. Sisi tuliandika kwa mkaa ukutani nyuma ya mlango.

HATUA YA 3: Kusimama kwenye kiti, hili ndilo zoezi lenyewe

Kama una nafasi ya zoezi moja tu kwenye maisha yenu ya mbio, fanyeni hili. Kila kitu mzee anataka kufanya mwenyewe kinaanza na kunyanyuka, kwenda chooni, kwenda mlangoni, kwenda kusali.

Kwanza asogee mbele ya kiti, asikae kwa ndani kabisa. Alafu arudishe nyayo nyuma kidogo, visigino viwe nyuma ya magoti, miguu iachane kwa upana wa nyonga. Sasa hapa ndipo wengi wanakosea: hawainami mbele. Wanajaribu kunyanyuka mgongo umenyooka, wanarudi chini, wanasema wamezeeka. Mwambie alete pua mbele mpaka ipite juu ya vidole vya miguu, kama anataka kuchungulia sufuria kwenye sigiri, na hapo matako yananyanyuka karibu yenyewe. Asimame wima, abane matako, apumue. Kushuka ashuke pole pole ukihesabu moja, mbili, tatu, nne, asijitupe. Kule kushuka nako kunajenga paja, ukimwachia ajitupe umepoteza nusu ya zoezi.

Asipoweza, usimvute mikono. Tafadhali sana, hii ya kumvuta mzee mikono tuache, unamuumiza bega na paja halifanyi kazi yoyote. Badala yake inua kiti, kunja blanketi mbili tatu uweke juu ya kiti akae juu zaidi, au atumie kiti chenye mikono ajisukume nayo. Mama alianzia kwenye blanketi tatu. Kila wiki moja hivi tulikua tunatoa moja.

Anza na mara 5, apumzike dakika moja mbili, mara 5 nyingine. Siku tatu kwa wiki, msifululize siku. Akizoea apande hadi mara 10 kwa raundi mbili. Zoezi lazima limchokeshe, zile mara mbili za mwisho zinatakiwa ziwe ngumu ila bado anaweza kuongea nawe sentensi nzima. Mapaja kuuma kesho yake ni kawaida. Goti kuchoma kama sindano, kifua kubana, kizunguzungu, hapo mnaacha na mnaenda kuonana na mhudumu wa afya.

Siku zisizo za zoezi kuna ujanja mmoja ambao ulitusaidia kuliko ratiba yoyote. Kila mara mama anapotaka kunyanyuka kwa shughuli zake, anarudi chini mara moja zaidi na kunyanyuka tena. Akienda kunywa chai, mara mbili. Akienda kusalimia mgeni, mara mbili. Kwa siku zinafika mara nyingi bila mtu kusema neno zoezi.

HATUA YA 4: Kushika meza

Mzee asimame akishika meza nzito au kizingiti cha dirisha, kitu ambacho hakisogei, mikono imeshika wepesi tu.

Ainue visigino asimame kwa vidole, ashuke pole pole, mara 10. Alafu kinyume, ainue vidole abaki na visigino, mara 10, hili linaonekana dogo lakini misuli ya mbele ya ugoko ndiyo inanyanyua kidole kisijikwae kwenye jiwe au kwenye ukingo wa kapeti. Alafu apeleke mguu mmoja pembeni bila kuinamisha mwili, aurudishe, mara 10 kila upande, hii ni ya misuli ya pembeni ya nyonga, ikilegea ndio unaona mzee anayumba kama mashua. Alafu akunje magoti kidogo kama anataka kukaa, arudi juu, mara 10. Mwisho akae kwenye kiti anyooshe goti moja moja mbele yake, ashikilie, ashushe pole pole.

Wiki ya tatu nne hivi akiona rahisi, ongeza uzito kwa lile la kupeleka mguu pembeni na lile la kunyoosha goti. Shona kamfuko ka nguo ya zamani, tia mchanga nusu kilo, funga juu ya kifundo cha mguu na leso. Akizoea iwe kilo moja. Nimeona wajukuu wanaona ni mchezo mzuri, waache wapime mchanga na washone, mzee akiwa na watu wa kumhesabia hachoki haraka.

HATUA YA 5: Balansi

Nguvu bila balansi haitoshi. Balansi inajifunza pale tu mwili unapoyumba kidogo na kujirudisha, mzee akisimama pale ambapo ni rahisi kabisa hajifunzi kitu. Kwa hiyo lazima ayumbe kidogo, na lazima awe salama wakati anayumba. Sisi tunafanya kwenye kona: mgongo wake unaelekea kona, kuta mbili nyuma, kiti kizito mbele yake cha kushika. Wewe unasimama pembeni na nyuma kidogo, mikono iko tayari ila humgusi.

Mpangilio ni huu, na haruki ngazi. Miguu pamoja, sekunde 10. Ikikaa, mguu mmoja mbele nusu, kisigino kando ya kidole gumba cha mwingine. Ikikaa, ule wa kwenye gogo. Ikikaa, mguu mmoja hewani. Kwenye kila ngazi anaanza na mikono miwili kwenye kiti, alafu mmoja, alafu kidole kimoja tu, alafu bila. Asifumbe macho akiwa na nyinyi nyumbani, hiyo waachieni fizio.

Ikishakua nzuri mpeleke kwenye kutembea: kutembea pembeni kama kaa akifuata ukuta, kutembea kinyume nyume akishika meza ndefu, na kuzunguka jerikani mbili kwa umbo la nane ili ajifunze kugeuka. Kwenye kugeuka mwambie achukue hatua ndogo ndogo nyingi, asizungushe mwili juu ya mguu mmoja. Na mwisho kabisa mpe kazi ya kichwa huku anatembea, ataje majina ya wajukuu wote kuanzia mdogo, au ahesabu toka 50 kurudi chini mbili mbili. Barabarani kuna boda, kuna mtu anamsalimia, kuna mbuzi, hatembei kimya kimya kama kwenye korido ya hospitali, kwa hiyo afanye mazoezi na kelele.

HATUA YA 6: Kutembea, lakini kusiwe cha kwanza

Watu wengi wanaanza na "mzee atembee tembee." Kutembea ni kuzuri kwa moyo na kwa presha, ila peke yake hakujengi balansi, na mzee dhaifu ukimwambia atembee haraka haraka unaweza kumwongezea kuanguka. Ngojeni mpaka hatua ya 3 hadi 5 zimekwenda wiki kadhaa. Alafu aanze dakika 10 asubuhi kabla jua halijawaka, siku mbili tatu kwa wiki, aongeze hadi 30. Mvua ikinyesha, njia yetu ya maram inakua sabuni, siku hiyo atembee ndani au barazani.

Bakora: ipimwe. Mzee asimame na viatu vyake, mkono unaning'inia, kichwa cha bakora kifike kwenye mkunjo wa kiganja. Nyingi ninazoziona ni ndefu mno, zilikua za babu. Chini iwe na mpira, ule ukiisha ubadilishwe. Na inashikwa mkono ulio kinyume cha mguu mbovu, mguu wa kulia ukiuma, bakora kushoto. Najua inaonekana kinyume, jaribuni mtaona.

Viatu ndio nusu ya mwendo. Sapatu zilizolegea zitupwe, soksi peke yake kwenye sementi iliyopigwa msasa ni hatari. Lugabire, zile sandali za tairi, zenye mkanda nyuma ya kisigino zinashika chini vizuri, na bei ni ndogo.

HATUA YA 7: Kuamka kutoka chini

Hii hatufundishi wazee, na naona ni kosa kubwa. Mzee anayejua kuamka mwenyewe hofu inamtoka. Na yule aliyeanguka asiweze kuamka akalala pale saa nyingi, baridi, kiu, ngozi kuchubuka, anaweza kuumia na kule kulala zaidi ya anguko lenyewe.

Sisi tuna bahati, maisha yetu bado yana sakafu. Mama wa Kiganda anapiga magoti kusalimia, jaja anakaa kwenye mkeka kumenya matoke, Muislamu anasujudu mara nyingi kwa siku. Hayo yote ni mazoezi ambayo watu wa nchi nyingine wanalipia. Nikiona familia inamwambia jaja "usikae tena chini, kaa kwenye kochi" nasikitika, maana akishaacha kushuka, ndani ya miezi anasahau kupanda. Kama goti linamruhusu, aendelee, ila pawe na stuli nzito karibu ya kushika.

Namna ya kuamka ni hii, ifanyeni kwenye mkeka wakati mzee yuko mzima, watu wawili wakiwepo. Anajigeuza ubavu. Anajisukuma kwa kiwiko alafu kiganja mpaka amekaa kiupande. Anageuka awe kwa magoti na mikono, kama mtoto anayetambaa. Anatambaa hadi kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani. Mikono juu ya kiti. Mguu wenye nguvu anauweka mbele, unyayo wote chini. Anaegemea mbele, anasukuma, anageuza matako na kukaa. Apumzike kila hatua, hakuna mbio. Mama ilimchukua wiki tano, siku alipofaulu aliita majirani waje waone.

Asiyeweza kabisa, mfundisheni kuita: simu ndogo ya vitufe imefungwa kamba shingoni, namba ya kwanza ni ya jirani siyo ya mtoto aliye Kampala, au filimbi, au kugonga sufuria. Akingoja ajifunike chochote na ageuke geuke.

Ukimkuta mzee wako chini, usikimbilie kumnyanyua. Ongea naye kwanza. Kama mguu mmoja umekua mfupi na unyayo umegeukia nje, au hawezi kuusogeza kwa maumivu kwenye nyonga, hiyo ichukue kama nyonga imevunjika mpaka picha ya eksirei iseme vingine. Msimvute, msimkande, msimpeleke kwa mtu wa kufunga vijiti kwanza, na msimweke juu ya boda katikati ya watu wawili. Tafuteni gari, alale juu ya godoro. Kichwa kikigonga chini na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, hospitali siku hiyo hiyo hata kama anacheka.

HATUA YA 8: Nyumba, na hasa safari ya usiku

Mengi ni ya kupita haraka: kapeti ya plastiki iliyojikunja kwenye ncha ikatwe au ipigiliwe misumari, kamba ya mbuzi isikatize njia, mahindi na kahawa vikianikwa uwani mzee aachiwe njia yake safi sababu punje zinaviringika chini ya mguu, ngazi ya baraza ipakwe chokaa ukingo wake aione. Bafuni mahali penye sabuni patupwe mchanga mchanga kwenye sementi wakati wa kupiga plasta, au mkeka wa mpira.

Choo ndicho cha kufikiria kwa makini. Vyoo vyetu vingi viko nje, vya shimo, mita 20 au zaidi, na mzee mwenye presha anayekunywa dawa ya kutoa maji anaamka usiku mara tatu. Giza, umande, usingizi machoni. Mnunulieni ndoo yenye mfuniko akae nayo chumbani usiku, na asionewe aibu, mtu wa kuimwaga asubuhi ajulikane na asilalamike mbele yake. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, na mti wa kushika pande zote mbili uliochimbiwa chini kabisa, siyo uliopigwa msumari kwenye mlango. Tochi ya sola iwe mahali pamoja kila siku, karibu na mkono.

Kabla hajatoka kitandani akae ukingoni dakika moja mbili, achezeshe vifundo vya miguu mara 20, ndio asimame, ashike kitu, ndio atembee. Presha ya wazee wengi inashuka wakisimama ghafla. Muombeni nesi ampime akiwa amelala dakika 5, alafu tena akishasimama dakika moja na dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, mwambieni daktari aangalie zile dawa. Asiache dawa mwenyewe. Pelekeni dawa zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile za usingizi na zile alizopewa na jirani. Macho pia yapimwe, mtoto wa jicho anatolewa na mtu anaona tena.

Na chakula. Mzee anayeishi kwa chai na mkate au matoke matupu hawezi kujenga paja hata mfanye nini. Maharagwe, karanga, yai, mukene (dagaa) wa kusaga kwenye uji au mchuzi, kila siku kitu kimoja kati ya hivyo.

HATUA YA 9: Lini umtafute fizio

Kama amepata kiharusi, amevunjika, ana ugonjwa wa kutetemeka, ameanguka zaidi ya mara moja, au mmefanya wiki sita na namba hazijasogea. Hospitali za rufaa za mikoa kama Mbale, Soroti, Jinja, Arua na Mbarara zina idara ya fiziotherapia, Kampala kuna Mulago, na Kisubi njia ya Entebbe kuna CoRSU, hospitali ya upasuaji na tiba ya viungo kwa watu wenye ulemavu. Ulizeni VHT wenu, yule mhudumu wa afya wa kijiji, anajua siku za kliniki. Mkifika msikubali kukandwa kandwa tu na kuwekewa joto, semeni "tunataka mazoezi ya miguu na balansi ya kufanya nyumbani, na utuonyeshe." Safari ni ghali, kwa hiyo rekodini video kwenye simu wakati fizio anaonyesha.

HATUA YA 10: Pimeni tena kila mwezi, msiache

Nguvu mzee aliyoijenga kwa miezi inaanza kuondoka ndani ya wiki chache tu za kukaa, kwa hiyo hakuna siku ya kumaliza. Msiba, sikukuu, ugonjwa, mkirudi mnaanza ngazi moja chini.

Mama tulianza naye mkono ukiwa bado kwenye plasta, miguu haikua na plasta. Ukutani imeandikwa 0, alafu 5 baada ya wiki sita, 9 mwezi wa nne, alafu 11. Anachambua maharagwe yake, na maji ya kunawa anajichotea. Mwaka huu tulipima ikawa 7, imeshuka nne kwa mwezi mmoja na yeye anasema yuko sawa tu. Namba ikishuka ghafla hivyo kuna kitu, malaria, dawa mpya, mkojo, moyo, msingoje aanguke ndio mjue. Tulimpeleka kupima siku iliyofuata, ikawa maambukizi ya mkojo, na homa hakua nayo. Akatibiwa, wiki tatu baadaye akasimama mara 10, akaomba mkaa aandike mwenyewe.